Mafuta ya Bunduki Ndani ya Saa ya Dhahabu

Saa ya dhahabu ambayo bei yake ingejenga nyumba ya pili kama yetu na kubakiza mabati ilifunguliwa barazani kwetu Luzira kwa kisu cha kumenyea matoke, ikapakwa mafuta ya bunduki, kisha ikafungwa huku kipande chake kimoja kikiwa kimebaki nje. Aliyefanya hayo ni baba yangu. Kijana aliyekuja ameivaa alikaa kando yake kwenye kigoda kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila kipande kilipotoka alisema asante.

Naeleza mambo haya kwa mpangilio kwa sababu nyumbani kwetu kila mtu anayasimulia kivyake. Mama anaanzia kwenye karanga. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa anaolewa, anaanzia kwenye machozi yake, ingawa mimi nilikuwepo na sikuyaona. Baba haanzii popote. Ukimwuliza anasema saa inatembea.

Baba alikuwa fundi wa silaha jeshini. Watu wakisikia mtu amestaafu jeshi hutaka hadithi za vita, na baba hana hata moja. Wengine walipiga risasi. Yeye alikaa ndani ya kontena lenye joto akitengeneza kile kilichokuwa kinazipiga. Alikuja mjini na imani moja, nayo ni kwamba kila kinachofunguka kinafungika. Imani hiyo ina ibada yake. Unatandika blanketi la kijani. Unatoa vipande kimoja kimoja, unavipanga kutoka kushoto kwenda kulia, na kila kimoja unakitaja jina kwa sauti. Ukimaliza kusafisha na kupaka mafuta, unarudi kutoka kulia kwenda kushoto. Ukifuata mstari huwezi kukosea. Sisi watoto wake tulijua kufungua na kufunga pasi ya umeme kabla hatujajua kufunga kamba za viatu.

Kwa ibada hiyo ametibu redio, majiko ya mafuta ya taa, cherehani ya jirani, na meno ya bandia ya bibi yangu ambayo aliyapiga tupa mpaka yakamkaa. Nisimwonee: vitu vingi vilipona. Vilitoka tu na harufu. Alipostaafu aliondoka jeshini na kopo la mafuta ya bunduki, na sijawahi kuliona likiisha. Pasi yetu ilinukia mafuta hayo miaka mingi, kiasi kwamba tulipokwenda kanisani watu walitupisha kwenye benchi.

Kuna jambo la pili la kueleza. Baba ni mtu wa West Nile, mama ni mtu wa Teso, na hakuna hata mmoja aliyekubali kujifunza lugha ya mwenzake. Kwa hiyo nyumbani tunaongea Kiswahili, kile cha kambini. Kampala ukiongea Kiswahili kwenye simu barabarani, watu wanakupisha hata bila harufu ya mafuta. Wanadhani wewe ni askari, au ni yule ambaye askari wanamtafuta. Mchumba wa mdogo wangu ni Muganda, kijana mpole anayechapa kadi za harusi na mabango ya mazishi Wandegeya. Siku ya kwanza alipomsikia mdogo wangu akibishana na mama kwa Kiswahili kuhusu bei ya nyanya, alimwuliza kwa wasiwasi kama kuna mtu amekamatwa.

Kijana huyu alikuja kujionyesha kwa baba Jumamosi moja asubuhi. Ulikuwa ugeni mdogo tu, kabla ya utambulisho wenyewe, ile sherehe ambayo Kampala nzima inaiita kwanjula hata kama wewe si Muganda. Alikuwa amevaa koti, viatu vilivyong'aa, na ile saa.

Saa haikuwa yake. Hilo mimi na baba hatukulijua. Baba yake mzazi alikuwa amefariki zamani, akalelewa na baba yake mkubwa, mzee mwenye malori, mwenye sauti, na mwenye tabia ya kutosahau. Mzee huyo ndiye angeongoza upande wa bwana harusi siku ya utambulisho, ndiye angesema ndiyo au hapana kwa niaba ya ukoo. Aliwahi kukaa miaka bila kusemezana na mdogo wake wa damu kwa sababu ya mkwaruzo mmoja kwenye mlango wa gari. Kijana alikuwa amemwomba saa ili asionekane mnyonge mbele ya baba mkwe. Mzee aliitoa kwenye droo, akamwambia, "Irudi kama ilivyoondoka."

Alikuja kwa bodaboda, na kwa kuogopa wezi aliificha saa ndani ya soksi. Akaivaa getini. Kwa kuwa ilikuwa imelala drooni siku nyingi, ilikuwa imesimama. Ni saa isiyo na betri, inajijaza nguvu mkono unapotembea. Kwa hiyo kule kutikiswa na bodaboda kuliiamsha, nayo ikaendelea kutembea kutoka pale ilipolala. Kijana aliona kuwa mishale iko pabaya, lakini aliogopa kuigusa. Alitegemea hakuna atakayesoma.

Baba alisoma kabla hata hajamkaribisha kukaa.

"Kijana, saa yako inasema saa tisa na robo."

"Ndiyo, ssebo," alijibu yule kijana. Ssebo ni neno la Kiganda la kumheshimu mwanamume, na siku ile alilitumia kama mtu anayejaza ndoo.

"Na sasa ni saa nne asubuhi."

"Ndiyo, ssebo."

"Kwa hiyo mwongo ni nani, mimi ama saa?"

"Saa, ssebo."

"Lete."

Baba alinyoosha kiganja. Nimefikiria sana kile kiganja. Kijana angeweza kusema kwamba saa ni nzima, inahitaji kurekebishwa mishale tu. Angeweza kusema si yake. Lakini baba mkwe mtarajiwa amenyoosha mkono, na wewe umekuja kumwomba binti. Huwezi kumnyima saa halafu dakika hiyohiyo ukamwomba mtoto. Akaifungua mkononi, akaiweka kwenye kiganja kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea, si anayetoa.

"Mama Watoto," baba aliita, "blanketi."

Mama alikuwa mwisho wa baraza na ungo mapajani, akichagua karanga za mchuzi. Alinyanyua kichwa, akaiona saa, akamwona kijana, akamwona mume wake.

"Baba Watoto, huyo ni mgeni."

"Ndiyo maana nataka blanketi safi."

Mimi nilipewa kazi ya kushika pembe za blanketi upepo wa ziwani usilifunue. Baba aliipindua saa, akaikagua mgongo, akakuta kimfuniko kimebanwa bila skrubu. Akatafuta pa kuingilia kwa ncha ya kisu cha matoke. Kisu kiliteleza mara moja, kikaacha mstari mwembamba juu ya dhahabu, kama mkunjo wa kiganja. Kijana akainama kuutazama.

"Usijali," baba alisema. "Huo ni mgongo. Nani anaangalia mgongo?"

"Hakuna, ssebo. Asante."

Mfuniko ulitoka kwa mlio mdogo. Ndani, nakiri, palikuwa pazuri. Magurudumu ya njano, mawe mekundu madogo kuliko mbegu za mchicha, na juu yake kipande kizito cha nusu duara kilichozunguka huku na huku kila baba alipoinamisha mkono.

"Umeona?" alimwambia kijana. "Ugonjwa ndio huu. Imelegea."

Baadaye tulijua kwamba kipande kile ndicho kinachojaza saa nguvu, na kazi yake yote duniani ni kucheza. Lakini katika bunduki, kitu kinachocheza ni kitu kitakachomuua mwenye bunduki badala ya adui. Baba alikitoa, akakitaja. Na kwa kuwa hakujua majina ya viungo vya saa, alivipa vya bunduki.

"Mpini," alisema, akakiweka kushoto. "Kifyatulio. Springi ya kifyatulio. Hii… hii ni kama kile kifuniko cha chemba. Sema."

"Kifuniko cha chemba," kijana alisema.

"Mkielewana hivyo nyumba yenu haitaharibika."

"Asante, ssebo."

Sikuwa na moyo wa kumwangalia usoni. Niliangalia viatu vyake. Vidole vilikuwa vinajikunja ndani, ngozi ya kiatu ilipanda na kushuka.

Wakati huo mdogo wangu alitokea na sinia la chai. Yeye alijua saa ni ya nani. Alisimama mlangoni, akaliona blanketi, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyefungua mlango wa choo na kumkuta padre. Kijana alimtikisia kichwa kidogo sana, mara moja. Maana yake ilikuwa: usiseme. Mdogo wangu akaweka sinia chini, akarudi ndani, nikasikia sufuria ikiangushwa, haikuanguka yenyewe.

Kilichofuata kilitokea upesi. Baba alikuwa anabana kitu kwa ncha ya kisu, kitu kikapiga mlio wa chuma chembamba, halafu hakikuwepo tena. Wote tulitega masikio, kama watu wanaosikiliza mbu.

"Kimeruka," baba alisema.

"Kimeenda wapi?" niliuliza.

"Ningejua ningesema kimeenda, nisingesema kimeruka."

Tulipiga magoti, mimi, baba na kijana aliyevaa koti. Tulipekua nyufa za saruji, mikunjo ya blanketi, pindo za suruali. Mama hakuinuka. Aliendelea kuchagua karanga, ila polepole zaidi.

"Kama kimeingia kwenye ungo wangu," alisema, "jioni mtakula saa."

Hatukukipata. Baba alirudi kwenye blanketi, akafungua kopo, akachovya kijiti cha kiberiti, akapaka mafuta kila kilichong'aa na kila ambacho hakikung'aa. Akarudisha vipande kutoka kulia kwenda kushoto. Ile nusu duara aliikaza kwa nguvu zote mpaka ikaacha kucheza. "Sasa imetulia," alisema. Akabana mfuniko kwa kidole gumba. Akazungusha ufunguo wa pembeni, akatega sikio.

Saa ililia. Tena ililia kwa bidii, kwa haraka, kama kuku anayedonoa bati. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilipiga makofi.

"Na kile kilichoruka?" mama aliuliza.

"Viwandani huwa wanaweka vya akiba," baba alisema. Akarekebisha mishale, akamfunga kijana saa mkononi yeye mwenyewe, kama mtu anayemvisha askari cheo. "Hii sasa itakuzika."

"Asante, ssebo," kijana alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile niliamini alichosema. Alikuwa anaomba azikwe upesi.

Alipoondoka, mdogo wangu alinivuta jikoni akanieleza saa ni ya nani, droo, na lile neno "irudi kama ilivyoondoka". Alikuwa tayari amesoma kwenye simu habari za saa za aina ile. Haikuwa na ugonjwa wowote. Mtu angevuta ufunguo na kusogeza mishale, basi.

"Yule mzee akijua," aliniambia, "sina ndoa. Hatakuja. Na bila yeye hakuna wa kuja."

"Tumwambie baba."

"Umwambie baba kwamba ameharibu? Ataomba iletwe airudie."

Hilo lilikuwa kweli. Hatukumwambia. Mama aliingia na ungo, akachukua kiberiti juu ya rafu, akamwaga njiti zote mezani, na ndani ya kisanduku kitupu akaweka kitu kilichokuwa kwenye ncha ya kidole chake. Kilikuwa chembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, kimepinda, na kina tundu moja.

"Nilikidhania jiwe," alisema. "Nimekiuma."

Kesho yake kijana alipiga simu. Saa ilikuwa inatembea, tatizo ni kwamba ilikuwa na haraka. Alikuwa ameilinganisha na simu yake kabla ya kulala. Alipoamka, saa ilikuwa imemwacha nyuma karibu saa nzima. Jumatatu mimi, mdogo wangu na yeye tukakutana Kisenyi, kwa fundi wa saa anayekaa chini ya mwavuli kati ya gereji na duka la jumla la mazulia. Fundi huyu ni mtu wa maneno. Alikuwa anamtania mteja aliyemtangulia kwamba saa yake ilitengenezwa na mtu asiyejua kuhesabu hadi kumi na mbili. Kijana alimpa saa. Fundi aliibandika lenzi jichoni, akafungua mfuniko, akainama, akanusa. Akanusa tena. Akaufunga mfuniko, akaifuta saa kwa shati lake, akairudisha.

"Hii hamkuniletea," alisema.

"Tumekuletea sasa hivi," nilisema.

"Hamkuniletea. Mimi sijawaona. Leo sikufungua." Akatazama kulia na kushoto. "Sikiliza, mwanangu. Ingekuwa feki ningekutengenezea hapa umesimama. Hii ni ya kweli. Nenda nayo. Aliyeweka hayo mafuta ni nani?"

Kijana alifikiri kidogo. "Mzazi," alisema.

Fundi aliguna kama mtu aliyepewa rambirambi.

Saa ilirudi drooni. Mzee wa malori hakuitazama. Aliipokea huku akiongea na simu, akaitupia ndani, akafunga. Drooni ikasimama tena, na saa iliyosimama haina haraka. Tukabaki tunaomba mzee apate saa nyingine, au apoteze ufunguo wa droo, au aache mazoea ya kutaka kujua wakati.

Tatizo ni kwamba wakati ulikuwa ndio ugomvi wenyewe. Upande wa bwana harusi walikuwa wamekuja kwetu mara mbili kupanga mambo, na mara zote mbili "asubuhi" ilifika baada ya chakula cha mchana. Watu wengine Kampala wanayamaliza mambo haya kwa faini. Wageni wakichelewa utambulisho wanatozwa, watu wanacheka, bahasha inapita. Baba hataki bahasha. Alituma ujumbe kupitia mshenga wao kwamba geti linafungwa saa nne kamili za asubuhi na kufuli lake amelinunua mwenyewe. Atakayefika saa nne na dakika moja asalimie ukuta.

"Baba, ni mtoto wako," mdogo wangu alimwambia.

"Ndiyo maana nafunga," alisema baba. "Mtu anayechelewa kuchukua atachelewa kurudisha."

Kwa hiyo, kwa hesabu yetu, ndoa ile ilikuwa na vifo viwili vya kuchagua. Wakichelewa, baba atafunga geti. Mzee akiivaa saa akaielewa, hatavuka Nakawa kuja kwetu.

Siku ya utambulisho tuliamka gizani. Inanilazimu kueleza kwamba upande wa bibi harusi, hata ukipanga saa nne, moyoni unapanga saa sita. Wapika pilau wanajua, wafunga turubai wanajua, mama alijua. Ni baba peke yake aliyekuwa anaishi ndani ya saa nne. Saa tatu asubuhi, kwa simu yangu, turubai lilikuwa limesimama miguu miwili kati ya minne. Shangazi zangu walikuwa na rola kichwani na magauni ya gomesi mabegani yasiyofungwa mkanda. Mama alikuwa anagombana na kuku. Baba alikuwa amekaa getini kwenye kiti cha plastiki, suti ya kijivu, kufuli pajani.

Honi ikapigwa.

Nilidhani ni gari la soda. Nilipochungulia niliona magari sita yameegeshwa mstari mmoja kando ya barabara, vioo vimefungwa riboni, na wanaume waliovaa kanzu wakishuka na kujipanga. Walikuwa kimya namna ya kushangaza. Kila mmoja wao alikuwa ana simu, kila mmoja alijua ni saa tatu, na hakuna aliyefungua mdomo. Mbele yao alikuwa mzee wa malori, kanzu nyeupe, koti jeusi juu, mkono wa kushoto ameuinua kifuani. Nyuma yake, bwana harusi alikuwa na uso wa mtu aliyepanda boda na dereva asiyemjua.

Baadaye alinieleza ilivyokuwa. Jana yake jioni mzee aliitoa saa drooni, akaijaza ufunguo, akailinganisha na taarifa ya habari ya redio, akaiweka kando ya kitanda. Alfajiri akatoka uani ameivaa, akawaamsha watu, akaanza kuigonga kwa kidole: muda, muda. Ilikuwa bado giza. Mabinamu walitazamana, wakatazama simu, wakavaa kanzu. Nani atamwambia mzee kwamba dhahabu yake inasema uongo? Aliyejua sababu ni mmoja tu, na yeye ndiye aliyekuwa na haki ndogo kuliko wote ya kuzungumza.

Mzee alisimama mbele ya baba. Hawakuwa wamewahi kuonana. Mara zile mbili alikuwa ametuma watu.

"Saa nne kamili," mzee alisema, akageuza mkono ili baba aone. "Tulisikia kwako kuna kufuli."

Baba aliutazama ule mkono. Nilikuwa nyuma yake hatua mbili, na nilimwona anavyoitazama saa: kwanza mishale, halafu umbo, halafu akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza. Ilikuwa inalia, donoa, donoa, donoa. Mzee aliposhusha mkono, ukanda ukazunguka kidogo, mgongo wa saa ukaonekana pembeni, na ule mstari wa kisu ukapiga jua.

Baba anajua alipopita kisu chake.

Alimtazama bwana harusi. Bwana harusi akatazama chini. Alimtazama mdogo wangu, aliyekuwa dirishani na kichwa nusu kimesukwa, mkono mdomoni. Sidhani kama ilichukua muda mrefu, lakini niliona mambo yote yakijipanga usoni mwake kutoka kushoto kwenda kulia: asante zote zile, saa ni ya nani, nani atavunjika yeye akisema. Huyu ni mtu ambaye aliwahi kumwacha mama nyuma, akaenda harusini peke yake kwa sababu ya dakika tano.

"Ni saa nne," baba alisema. "Karibuni."

Akaliweka kufuli mfukoni.

"Baba Watoto," mama alisema nyuma yetu, rola moja mkononi, "turubai—"

"Mama Watoto. Ni saa nne."

Mama alitazama jua, lililokuwa bado nyuma ya mnazi wa jirani. "Haya," alisema. "Basi leo jua ndilo limechelewa."

Kwa hiyo tulianza utambulisho saa tatu na kuuita saa nne. Wageni walikaa chini ya turubai la miguu miwili, wakaikubali hali hiyo kwa adabu. Shangazi zangu walitoka kusalimia huku wakifungana mikanda. Chakula, ambacho kilipangwa kwa saa nane, hakikujua habari zetu, kikaiva kwa wakati wake, na msemaji wetu ilibidi arefushe hotuba mpaka akaanza kusimulia jiografia ya West Nile. Kila mtu alikuwa anajua, na kila mtu alikuwa na sababu yake ya kunyamaza. Nimehudhuria mikutano mingi kwa kazi yangu, lakini sijawahi kuona watu wengi kiasi kile wakikubaliana bila kupiga kura.

Zawadi zilipoanza kutolewa, vikapu, sukari, kanzu ya baba, jogoo, mzee wa malori alisimama nje ya zamu yake. Alisema amezunguka nchi hii, amekutana na wakwe wengi, lakini hajapata kukutana na mkwe anayeheshimu wakati. Akafungua saa mkononi. Watu wakaanza kupiga vigelegele kabla hajamaliza. Akamfunga baba yeye mwenyewe.

"Hii," alisema, "ilikuwa inamtafuta mwenyewe."

Baba aliushika mkono wa mzee kwa mikono miwili. "Asante," alisema, na kijana, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, alikohoa mpaka akaletewa maji.

Ndoa ilifungwa. Wanaishi Bweyogerere, wanagombana kwa Kiswahili. Baba anavaa saa kila siku. Kwa kuwa ile nusu duara haichezi tena, anaijaza ufunguo kila asubuhi, na kila asubuhi, kwa siri ambayo nyumba nzima inaijua, anachungulia simu ya mama na kurudisha mishale nyuma. Kisanduku cha kiberiti ninacho mimi. Hajawahi kukiomba.

Mzee akija kututembelea huuliza, "Inatembea?" Baba hujibu, "Sana." Wanacheka wote wawili, na mimi huwaangalia nyuso nisipate kitu. Mtu aliyeukumbuka mkwaruzo mmoja wa mlango wa gari kwa miaka, hakuuona mkwaruzo wa saa yake? Nilimwuliza bwana harusi. Anasema hajawahi kuulizwa neno. Nilimwuliza mke wa mzee. Akaniambia mume wake ana saa nyingine nne na hajui alivaa ipi.

Mwezi uliopita nilimpata dereva aliyemwendesha siku ile. Alikuwa anasubiri mtu pale Port Bell, nikamnunulia soda. Nilimwuliza kama mzee alijua kwamba wametoka mapema. Alisema hilo yeye hawezi kulisemea. Alichoona ni kwamba mzee alipoingia garini alivua kofia yake na kuiweka juu ya dashibodi, palepale penye saa ya gari, na haikuondoka pale mpaka Luzira. Nilimwuliza kama huwa anaiweka hapo.

"Siku nyingine anaishika mkononi," dereva alisema. "Siku nyingine anaiweka hapo."